Picha ya Shimo, Karatasi ya Bunge

Leo tuzungumze juu ya simu zilizo mikononi mwetu, na kazi moja ambayo zimeifanya hapa Kampala. Naiona ni kazi kubwa kuliko tunavyoisifu.

Aprili 2023, Jimmy Spire Ssentongo, mwalimu wa falsafa pale Makerere ambaye wengi tunamjua zaidi kwa vibonzo vyake gazetini, aliwaomba watu wa mji huu jambo dogo. Piga picha ya shimo lililo kwenye barabara yako, taja barabara yenyewe, weka Twitter. Akayaita maonyesho. Sisi tumezoea maonyesho ya biashara ya kule Lugogo, ambako kila mtu hupanga mezani kilicho bora alichonacho. Haya yakawa maonyesho ya aibu ya mji. Picha zikamiminika, za mitaa ya wenye nacho na za mitaa ya wasio nacho, kwa sababu shimo halimwogopi mwenye gari la bei. Haikuchukua muda, Rais Museveni akaagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 kwa mamlaka ya jiji, KCCA, ili barabara zikarabatiwe.

Hapa nataka tukae kidogo. Mashimo ya Kampala hayakuzaliwa mwaka huo. Tumeyalalamikia miaka na miaka. Tumepiga simu kwenye vipindi vya redio asubuhi hadi mtangazaji akachoka, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba bajeti ni finyu. Sasa ni kitu gani kilibadilika? Mimi naona ni hiki: mtu anaposema barabara zetu ni mbovu, kiongozi anaweza kujibu kwamba zinashughulikiwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mtu anapoweka picha na jina la barabara, asiyemjua kabisa anaweza kupanda boda asubuhi yake akaenda kuhakikisha. Ushahidi ukishakuwa wa namna hiyo, hauhitaji kuaminiwa kwa sababu ya cheo cha aliyeutoa. Dereva wa boda na profesa wanakuwa sawa mbele yake. Na picha moja ni bahati mbaya ya mtaa mmoja, ila picha zikishakuwa kwa mamia, hilo ni daftari la mji mzima, tena limeandikwa na wenye mji.

Tusijidanganye. Bilioni 6 hazikutosha, na mvua zilipokuja, viraka vingi vilibanduka. Nani asiyejua? Lakini watu walikuwa wamejifunza njia. Baada ya mashimo yakaja maonyesho ya afya, na humo mambo yakawa mazito zaidi. Watu wakasimulia hongo waliyodaiwa mlangoni mwa wodi, dawa zilizopo kwenye duka la jirani na zisizopo hospitalini, ndugu waliofariki wakisubiri. Hata wahudumu wa afya wenyewe wakaingia, wakaeleza jinsi wanavyofanya kazi bila glavu na bila mishahara ya kueleweka.

Kwenye hayo ya afya nina neno, na nalisema kwa sababu nalijali. Shimo la barabara halina aibu yake binafsi. Mgonjwa anayo. Mwanamke aliyelazwa sakafuni baada ya kujifungua hakuombwa ruhusa ya kupigwa picha, na uso wake utabaki mtandaoni wakati mwanawe atakapokuwa anasoma sekondari. Ukitaka kuonyesha kwamba kituo hakina dawa, piga picha ya rafu tupu. Piga picha ya mlango uliofungwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Piga picha ya kikaratasi ulichopewa cha kwenda kununua vifaa mwenyewe, ukiwa umefunika jina la mgonjwa. Ushahidi unabaki palepale, na utu wa mtu unabaki naye.

Mwishoni mwa Februari 2024 maonyesho yakapanda kilima, yakafika Bungeni. Walioongoza ni Ssentongo tena, pamoja na Agather Atuhaire, mwanasheria na mwandishi wa habari, na Godwin Toko, wa jukwaa la AGORA. Safari hii hazikuwa picha. Zilikuwa nyaraka: fedha za umma kupitishwa kwenye akaunti za watumishi binafsi, posho za safari, orodha za ajira. Ndipo nchi ikajua kwamba makamishna wanne wa Bunge walikuwa wamejigawia kile kilichoitwa tuzo ya utumishi, jumla shilingi bilioni 1.7. Watatu walipata milioni 400 kila mmoja. Wa nne, Mathias Mpuuga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani Bungeni, alipata milioni 500.

Hilo la Mpuuga ndilo lililonifanya niheshimu kazi ile. Ingekuwa rahisi kulifunika. Wengi waliokuwa wakishangilia maonyesho ni wafuasi wa upinzani, na waongozaji wangeweza kuwapa walichotaka kusikia, yaani ubaya wa upande mmoja. Karatasi ikawekwa mezani kama ilivyo. Chama chake, NUP, kikamtaka ajiuzulu nafasi ya ukamishna, naye akakataa. Waliokuwa wamezoea kusema kwamba haya yote ni siasa za wapinzani wakakosa pa kushika.

Aprili 30 mwaka huohuo Uingereza ikamwekea vikwazo Spika Anita Among pamoja na waliokuwa mawaziri wa Karamoja, Mary Goretti Kitutu na Agnes Nandutu. Mitandaoni watu walisherehekea kana kwamba maonyesho ndiyo yaliyoleta vikwazo. Tuwe waangalifu. Kashfa iliyotajwa ni ya mabati yaliyokusudiwa kwa watu maskini wa Karamoja, na hiyo iliibuliwa na waandishi wa habari mwanzoni mwa 2023, mwaka mzima kabla ya maonyesho ya Bunge. Na mimi sifurahii sana mji wetu unapolazimika kungoja London iseme ndipo tuamini kwamba tulichokiona tulikiona.

Kisha ikaja Julai. Vijana wa Kenya walikuwa wamemlazimisha Rais Ruto kuachana na Muswada wa Fedha mwezi Juni, baada ya kuingia hadi ndani ya Bunge lao, na damu ikamwagika. Vijana wa Kampala wakapanga kuandamana hadi Bungeni Julai 23, 2024. Rais akawaonya kwamba wanacheza na moto. Siku ilipofika, askari walikuwa kila kona kuzunguka Bunge, na makao makuu ya NUP kule Kavule yalikuwa yamezingirwa tangu jana yake. Vijana waliojitokeza walikamatwa makumi kwa makumi, wengine wakapelekwa rumande Luzira. Waliokuwa wakiandika mtandaoni kwamba watakuja walikuwa wengi mno kuliko waliofika. Siwalaumu. Nataka tu tuone kwamba kuhesabu walioitikia kwenye simu na kuhesabu waliosimama barabarani ni hesabu mbili tofauti, na serikali yoyote inajua kuzitofautisha.

Wapo wanaodhani mambo haya yameanza na watoto wa juzi. La. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kukata kipande cha msitu wa Mabira, karibu hekta 7,100, kiende kwa kiwanda cha sukari cha Lugazi, hapakuwa na Twitter mikononi mwa watu hapa. Palikuwa na ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe ukapita mkono kwa mkono: usinunue sukari ya Lugazi. Ulikuwa ujumbe wa maneno machache, na kila mama wa nyumbani aliweza kuutii dukani bila kuomba kibali cha polisi. Ila Aprili 12 maandamano ya Kampala yaligeuka vurugu, watu wakauawa, akiwemo Mhindi aliyeshambuliwa na kundi la watu kwa sababu tu ya asili yake. Doa hilo halifutiki, na kila anayeisifu kampeni ya Mabira hana budi kulitaja. Baadaye mwaka huo mpango ukawekwa kando. Mwaka 2011 ukatajwa tena. Msitu bado upo. Ukienda Jinja unaupita.

Na kabla ya hapo tulikuwa na ekimeeza. Wakubwa wangu mnakumbuka. Tangu mwaka 2000 Radio One ilikuwa ikirusha mjadala wa wazi kutoka Club Obbligato, watu wamekaa kuzunguka meza, mwananchi anasimama, anashika kipaza sauti, anamjibu mbunge uso kwa uso, nchi inasikiliza. Vituo vingine vikafuata, kwa Kiganda na lugha nyingine. Septemba 2009, wakati wa ghasia za Buganda, bimeeza, yaani mijadala hiyo, zikapigwa marufuku na redio ya CBS ikafungwa, ikakaa kimya zaidi ya mwaka. Watu waliokuwa na mahali pa kusemea Jumamosi wakabaki bila mahali. Mimi naamini sehemu kubwa ya ukali tunaouona mitandaoni leo imetokana na kufungwa kwa meza ile. Mezani ulimwona unayemjibu. Ulilazimika kungoja zamu. Mtandaoni hungoji mtu.

Na mkono uliofunga meza haukuiacha simu. Aprili 2011, wakati wa maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, tume ya mawasiliano iliyataka makampuni yafunge Facebook na Twitter kwa muda. Siku ya uchaguzi, Februari 2016, mitandao ya kijamii ikafungwa pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu. Mwaka 2018 Rais alimwandikia waziri wa fedha akilalamikia lugambo, yaani umbea, wa mitandaoni, na kuanzia Julai 1 mwaka huo kila aliyetaka kufungua WhatsApp au Facebook akatakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku. Watu wakakimbilia VPN. Makusanyo yakawa sehemu ndogo tu ya kilichotarajiwa, na mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando. Januari 2021 Facebook ikafungwa, siku iliyofuata intaneti yote ikazimwa, uchaguzi ukafanyika gizani. Intaneti ilirudi, Facebook ikaendelea kufungwa, miaka ikapita. Januari 2026, siku mbili kabla ya kura, intaneti ikazimwa tena.

Facebook ikifungwa, anayeumia si mwanasiasa peke yake. Esther Kalenzi alianza mwaka 2012 kwa kuwaomba marafiki zake wa Facebook, wakati wa Kwaresima, wachangie watoto yatima. Kutokana na ombi lile ikazaliwa taasisi iitwayo 40 Days Over 40 Smiles. Hakuna aliyekuwa akipindua nchi pale. Walikuwa wakitafuta nguo, vitabu na karo. Anayezima mtandao kwa ajili ya kura anazima na michango ya namna hiyo, na ya mgonjwa anayetafutiwa nauli ya kwenda kutibiwa India.

Sasa nije kwenye miili ya watu, maana kampeni za mtandaoni huonekana nyepesi hadi pale anayeandika anapochukuliwa. Stella Nyanzi, yule mwanazuoni na mwanaharakati, mnamjua. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa 2016 wasichana wa shule waliahidiwa pedi. Mwaka uliofuata, waziri wa elimu, ambaye ni mke wa Rais, akaliambia Bunge kwamba fedha hazipo. Dk. Nyanzi akaanzisha mchango mtandaoni, watu wakatoa pedi na fedha, zikapelekwa shuleni. Aprili 2017 akakamatwa kwa maneno aliyoandika juu ya Rais. Mwaka 2019 akahukumiwa miezi 18 kwa shairi la Facebook, hadi Mahakama Kuu ilipoitengua hukumu ile Februari 2020. Lugha yake si ile ambayo mimi ningeitumia mbele ya wazee, na nimewasikia wengi wakiishia hapo, kwenye matusi. Lakini ahadi ya pedi ilikuwa ahadi, na msichana anayekosa shule kila mwezi yupo, hata kama aliyemtetea ana ulimi mkali.

Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa Desemba 2021 kwa alichoandika Twitter juu ya mtoto wa Rais. Alipotoka alionyesha mgongo wake, makovu matupu, kisha akakimbilia Ujerumani. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kile kilichotumika dhidi ya wengi, lakini miezi michache kabla yake sheria hiyohiyo ilikuwa imeongezwa makali mapya. Julai 2024 kijana wa miaka 24 akafungwa miaka sita kwa video za TikTok zilizomtukana Rais na familia yake. Miaka sita, wasikilizaji. Kuna walioiba fedha za umma ambao hawajalala Luzira hata usiku mmoja.

Na Agather Atuhaire. Mei 2025 alikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Alikamatwa pamoja na Mkenya Boniface Mwangi, wakapotea siku kadhaa, kisha yeye akapatikana ametupwa mpakani Mutukula. Amesimulia mwenyewe, kwa jina lake na uso wake, mateso ya kingono aliyofanyiwa akiwa mikononi mwa waliomkamata. Wiki hiyohiyo mtandao wa X, ule ulioitwa Twitter, ulifungwa Tanzania. Nimewasikia watu wa hapa wakisema, kwani alikwenda kutafuta nini kwa watu? Naona uchungu kusikia hivyo. Aliyetuonyesha fedha zetu zinakokwenda, tukamshangilia kwa vidole gumba, anastahili kuulizwa hali yake kabla ya kuulizwa safari yake.

Kuna kampeni nyingine ambayo ulimwengu bado unaitaja ikitajwa Uganda. Machi 5, 2012, shirika la Marekani liitwalo Invisible Children lilitoa filamu ya dakika 30 juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi waliotesa kaskazini. Ndani ya wiki moja ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Wakati ule Kony alikuwa ameshaondoka Uganda tangu miaka sita nyuma, na watu wa kaskazini walikuwa wamerudi vijijini wakihangaika na ardhi, shule na magonjwa. Filamu ikaonyeshwa Lira, kwenye uwanja wa wazi, kwa watu walioipitia vita yenyewe. Walikuja kwa wingi wakitarajia kujiona. Wakamwona Mmarekani akimweleza mwanawe mdogo habari za mtu mbaya. Wakasikia kwamba jina la aliyewakata midomo linauzwa kwenye fulana na bangili. Mawe yakaanza kurushwa, onyesho likavunjika. Hapa Kampala, mwandishi wa habari Rosebell Kagumire alikuwa ameshajirekodi video yake ya dakika chache, akieleza kosa liko wapi: hadithi ya watu inasimuliwa kana kwamba wao wenyewe hawakufanya lolote kujiokoa.

Linganisheni filamu ile na mashimo yetu. Moja ilitengenezwa kwa ustadi na fedha nyingi, ikasimuliwa na mgeni, ikalenga machozi ya walio mbali. Nyingine ilipigwa kwa simu za skrini zilizopasuka, na watu wanaovunjika mgongo kwenye barabara hizohizo kila siku. Ya kwanza haikumkamata Kony. Ya pili ilitoa bilioni 6 hazina, na karibu mwaka mmoja baadaye ikafungua makabati ya Bunge. Ningependa kila shirika linalokuja hapa na kamera na mfadhili lilijue hilo.

Lakini na sisi wa mjini tuna upofu wetu. Maonyesho yalikuwa Twitter, kwa Kiingereza. Mama anayeuza nyanya Kalerwe hakuyaona. Mfugaji wa Moroto, kule Karamoja, ambaye mabati yake ndiyo yaliyoezekea mabanda ya mbuzi wa wakubwa, hana bando la kumwambia mtu. Habari ziliwafikia pale tu redio zilipozichukua, zikazisoma kwa Kiganda, kwa Kiacholi, kwa Ngakarimojong, na kwa Kiswahili hiki ninachokisema nanyi. Kazi ya redio katika mambo haya haijaisha, tena imeongezeka: kuitoa habari kwenye simu ya mmoja na kuifikisha kwenye masikio ya kijiji, baada ya kuihakikisha. Nasema baada ya kuihakikisha, kwa sababu siku hizi picha inatengenezwa na mashine kwa dakika moja, na yule mwenye wizi wa kweli ndiye anayefurahi zaidi tukisambaza picha ya uongo. Atachukua hiyo moja ya uongo, aitumie kuzikana mia za kweli.

Kwa hiyo nina jambo la vitendo kwa vijana mnaonisikiliza. Nyaraka za Bunge zilitoka kwa watu wa ndani waliohatarisha kazi zao, na si kila mtu ana rafiki wa namna hiyo. Ila ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, inayosimama juu ya ibara ya 41 ya Katiba. Raia yeyote wa Uganda anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma, akaomba kumbukumbu: bajeti ya kituo cha afya cha eneo lenu, mkataba wa barabara ya mtaa wenu, orodha ya dawa zilizopelekwa mwezi uliopita. Ofisi inapewa siku 21 za kujibu. Andika barua mbili zinazofanana, moja uiache pale, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukijibiwa, chapisha jibu. Siku 21 zikipita kimya, chapisha barua yenye muhuri.